Msaada wa Kanisa Hauulizi Kabila

Leo tunazungumza juu ya msaada unaoletwa kwa jina la kanisa. Ni wa nani? Na kwa nini mara nyingine unaleta amani, na mara nyingine ugomvi?

Tuchukue habari ya Kivu ya Kusini. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Uswidi walifika sehemu hizo katika miaka ya 1920. Walihubiri, wakajenga pia shule na zahanati. Hospitali ya Lemera, katika milima ya Uvira, ilitoka katika kazi hiyo. Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji, alitumika pale. Usiku wa tarehe 6 Oktoba 1996, watu wenye silaha waliivamia. Wagonjwa waliuawa vitandani mwao, na wauguzi pamoja nao. Zaidi ya watu 30 walikufa.

Wengi wangesema kazi imekwisha. Haikwisha. Mwaka wa 1999 daktari huyo pamoja na kanisa la CEPAC, wakisaidiwa na Wakristo wa Uswidi, walianzisha hospitali ya Panzi mjini Bukavu. Walifikiria hasa mama wanaojifungua. Lakini mgonjwa wa kwanza hakuja kuzaa. Alikuwa mama aliyebakwa na kupigwa risasi. Baada yake walikuja wengine, makumi ya maelfu. Panzi ikajifunza kwamba kushona kidonda hakutoshi. Mama anatibiwa mwili, anapata mtu wa kumsikiliza uchungu wake, anasaidiwa kupata kazi ya mikono, na akitaka kushtaki, anapata mwanasheria. Mwaka wa 2018 Daktari Mukwege alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, pamoja na Nadia Murad wa Iraki.

Wandugu, kidonda hakina kabila wala dhehebu. Yule Msamaria ambaye Yesu alimsimulia hakumwuliza mtu aliyelala njiani anasali wapi. Alimfunga vidonda, akalipa gharama.

Sasa tutazame kambi zetu. Lori limefika na maharagi, unga na mafuta. Kabla halijashushwa, maneno yameanza: "Wale wa kanisa fulani watapata mara mbili." "Chifu ameandika jamaa zake." Na ile familia iliyowapa wageni chumba na shamba kwa miezi sita, haimo katika orodha. Jioni hasira inaingia. Kesho yake watu hawasemi tena juu ya maharagi, wanasema juu ya kabila. Hivyo chakula kilichokuja kuokoa kinaweza kuwasha moto.

Ninyi wakimbizi, jueni haki yenu. Mwaka wa 1994 Msalaba Mwekundu na mashirika makubwa ya misaada, Caritas na Muungano wa Makanisa ya Kilutheri yakiwamo, yalipatana kanuni: msaada unatolewa kwa kutazama shida tu, si kabila, dini wala taifa, wala hautumiwi kuwavuta watu kwenye dini au siasa. Kwa hiyo hakuna anayeweza kukuambia, "Batizwa kwetu ndipo upate mafuta." Jeto ya chakula hainunuliwi kwa pesa. Tena hainunuliwi kwa mwili wa mama wala wa binti. Akiombwa hivyo, aseme kwa mtu anayemwamini, naye asimnyamazishe.

Ninyi viongozi, fanyeni mambo matatu. Kwanza, someni orodha mbele ya watu wote, kabla ya kugawa, ili mwenye kusahauliwa aseme mchana, asiseme usiku. Pili, wekeni ndani ya kamati akina mama, watu wa makabila yote na wenyeji waliopokea wageni. Tatu, wajane, wazee na wenye ulemavu wahudumiwe kwanza. Chifu anayefanya hivi hapunguzi heshima yake. Anailinda.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msaada mwema unamshibisha mtu leo, halafu unampa mbegu, jembe na kipande cha shamba. Wenyeji, hapo ninyi mna kitu ambacho lori haliwezi kuleta, ndiyo ardhi. Pataneni na wageni mbele ya mashahidi: shamba gani, kwa misimu mingapi, na mavuno yanagawanywa namna gani. Mapatano hayo yanazuia ugomvi mwingi.

Mkikutana katika vikundi vyenu vya kusikiliza, zungumzeni maswali haya. Je, nani katika mtaa wetu hajaandikwa, na kwa nini? Nani anaogopa kulalamika? Nani atakwenda kwa chifu wiki hii kusema kwa niaba yake?

Amani ikae nyumbani mwenu.