Mwaridi wa Guangzhou: tawi moja, miaka mia mbili



Mtaa wa Dengfeng ulioko wilaya ya Yuexiu, mjini Guangzhou, kusini mwa China, umejulikana kwa muda mrefu kuwa makazi ya wafanyabiashara kutoka Afrika, wakiwemo wale wa Afrika Mashariki na Kongo. Nyumba zake zimesongamana, na bustani ya mpangaji ni kibaraza chenye nondo. Hata hivyo, kibaraza hicho chatosha kwa mwaridi, na Guangzhou ina historia ndefu na ua hilo.

Miwaridi ya kale ya Ulaya, kwa kawaida, ilichanua mara moja tu kwa mwaka. Ndivyo ulivyo hadi leo mwaridi wa Jabal al-Akhdar nchini Oman, ambao maua yake huchumwa majira ya kuchipua ili kutengenezwa marashi. Mwaridi wa China huchanua tena na tena, na ndiyo sababu Wachina wameuita yueji, jina lenye maana ya mwezi ndani yake. Kuanzia mwaka 1757 hadi 1842, Guangzhou ilikuwa bandari pekee iliyoruhusiwa kufanya biashara na mataifa ya Magharibi. Wageni walivuka mto kwenda kununua miche katika bustani za Huadi. Mwaka 1809 aina mojawapo ilifika Uingereza, nyingine ikafuata mwaka 1824. Kutokana na kuchanganywa kwa mbegu hizo na zile za Ulaya, yalizaliwa mawaridi ya kisasa, yakiwemo yale yanayolimwa Naivasha nchini Kenya.

Mbegu ya waridi haitoi mche unaofanana kabisa na mama yake, lakini tawi hutoa. Mkulima wa muhogo anaijua siri hiyo, kwani hupanda pingili, wala hapandi mbegu.

Tawi linalofaa ni lile ambalo ua lake limenyauka hivi karibuni, lenye unene wa penseli. Hukatwa kwa kisu kikali kiasi cha sentimita 15 hadi 20, chini kidogo ya kifundo. Majani yote huondolewa isipokuwa mawili ya juu. Nusu ya tawi huzikwa katika mchanga uliochanganywa na udongo mwepesi, ndani ya chungu chenye tundu chini. Chupa ya plastiki iliyokatwa kitako hufunikwa juu yake ili kuhifadhi unyevu. Chungu huwekwa penye mwanga, lakini si penye jua kali.

Mjini Guangzhou, joto na mvua za kiangazi huozesha matawi, kwa hiyo wakati mzuri huanza mwezi Oktoba. Wengi huharibu kazi kwa kumwagilia maji kupita kiasi, au kwa kulivuta tawi kila siku ili kutazama mizizi. Mizizi huhitaji kati ya wiki nne na sita, wakati mwingine zaidi. Majani mapya pekee si ushahidi wa kutosha, kwani tawi laweza kuchipua kwa akiba yake kisha likafa.

Jambo moja halina budi kukumbukwa. Tawi halipaswi kufichwa katika sanduku la safari. Linaweza kubeba ugonjwa usioonekana, na nchini Kenya, ambako maelfu ya familia huishi kwa kazi ya maua, kibali cha kuingiza mimea huhitajika.

Basi mpangaji anayeondoka afanye nini? Mwezi Aprili mwaka 2020, wakati wa janga la Uviko-19, Waafrika wengi mjini Guangzhou waliondolewa ghafla katika nyumba walizopanga. Aliye na chungu kimoja katika kibaraza kimoja hupoteza chote kwa siku moja. Aliyewagawia jirani Mchina, fundi cherehani wa ghorofa ya chini na mwenzake wa Kariakoo matawi matatu, mwaridi wake ungali hai. Tawi atakaloomba atakaporudi litakuwa la mwaridi uleule, si mfano wake.