Fimbo Peke Yake Haikutosha

Somo: 2 Wafalme 4:8–37

 

Sisi tunaozungumza nanyi leo ni wauguzi wa watoto. Hatufanyi kazi yetu katika wodi. Kazi yetu iko vijijini na mitaani, nyumba hata nyumba, na chini ya miti ambapo akina mama hukusanyika siku ya kliniki. Tumeombwa tueleze jinsi tunavyoiona kazi hii, na jinsi Neno la Mungu linavyotuongoza ndani yake. Basi tumechagua habari ya mama mmoja wa mji wa Shunemu.

Mama huyo alikuwa amekaa siku nyingi bila mtoto, kisha Mungu akamjalia mwana. Siku moja kijana huyo alimfuata baba yake shambani wakati wa mavuno, akaanza kulia kwamba kichwa kinamwuma. Baba akamwambia mtumishi ampeleke kwa mama yake. Mtoto akapakatwa na mama hata adhuhuri, akafa. Mama akamlaza katika kitanda cha nabii Elisha, akafunga mlango, akatandika punda, akaenda mpaka mlima Karmeli kumtafuta mtu wa Mungu.

Elisha alipopata habari, alimtuma kwanza mtumishi wake Gehazi atangulie na fimbo yake, akaiweke juu ya uso wa mtoto. Gehazi hakuwa mvivu. Alikwenda, akafanya kama alivyoagizwa. Lakini mtoto hakutoa sauti. Ikabidi nabii aje mwenyewe, aingie chumbani, aombe, na kulala juu ya mtoto, kinywa kwa kinywa, macho kwa macho, mikono kwa mikono, mpaka mwili ukapata moto. Mwishowe mtoto akapiga chafya mara saba, akafumbua macho.

Ndugu wasikilizaji, kutoka katika habari hii tunajifunza mambo matatu juu ya kazi yetu.

Jambo la kwanza ni kwamba inatupasa kwenda wenyewe.

Fimbo ya Elisha ilikuwa kitu chema. Siku hizi tunazo fimbo nyingi njema: matangazo ya redio, picha zilizobandikwa kwenye kuta za zahanati, vijitabu vya kliniki, na dawa zilizopangwa rafuni. Lakini chanjo iliyo ndani ya friji haimkingi mtoto yeyote. Lazima mtu aitie katika sanduku la baridi, ailinde isipungue nyuzi 2 wala isizidi nyuzi 8 za joto, apande nayo kilima, na kumfikia mtoto ambaye ametimiza miezi 9 na hajachanjwa surua. Tena arudi mtoto huyo atimizapo miezi 18, kwa maana chanjo ya pili ndiyo inayowafikia wale ambao ya kwanza haikuwashika sawasawa.

Tazama pia jinsi Elisha alivyofanya. Mtu mzima alijikunja akalingana na kipimo cha mtoto. Nasi tukiingia nyumbani hatusimami mlangoni na kuuliza maswali. Tunaketi mkekani. Tunangoja mtoto atulie mapajani mwa mama yake, ndipo tunapofunua kifua chake na kuhesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Mtoto wa miezi 2 ambaye hajafikia mwaka 1, akivuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika, anapumua mbio kupita kiasi. Yule wa mwaka 1 hadi miaka 5, kiasi hicho ni mara 40. Mtoto kama huyo mwenye kikohozi apelekwe kituo cha afya siku ile ile, wala asingojewe kesho, kwa maana huenda ni kichomi. Karatasi iliyobandikwa ukutani haiwezi kuhesabu pumzi za mtoto.

Mwaka 1978, mataifa mengi yalipokutana katika mji wa Alma-Ata, yalikubaliana kwamba huduma ya afya iletwe karibu kadiri iwezekanavyo na mahali watu wanapoishi na kufanya kazi. Sisi tulipousikia wito huo tuliona kwamba mama wa Shunemu alikuwa amekwisha kuudai zamani. Yeye alikataa kuondoka bila nabii mwenyewe. Fimbo hakuitaka peke yake.

Jambo la pili ni kuuliza na kusikiliza.

Mama yule alipoulizwa njiani kama mtoto hajambo, alijibu kwamba ni salama. Mtoto amekufa, na mama anasema ni salama! Ndugu zetu, jibu hilo tunalisikia kila siku. Tunapiga hodi, tunakaribishwa. Tunauliza, "Watoto hawajambo?" Tunajibiwa, "Hawajambo, sista." Ndivyo adabu yetu ilivyo, wala hakuna aliyesema uongo. Lakini muuguzi aliyezoea kazi hii hafungi daftari lake hapo. Anangoja. Anauliza habari za mvua, za mahindi, na za nyanya aliye ndani. Baada ya kitambo mama husema, "Hawajambo, ila huyu mdogo usiku hakulala." Katika neno hilo dogo "ila" ndimo ilimo kazi yetu yote.

Mama alipofika na kumshika nabii miguu, Gehazi alitaka kumwondoa. Elisha akamkataza, akisema kwamba mama huyu ana uchungu moyoni, na kwamba yeye mwenyewe hakuwa amejulishwa habari yake. Nabii mkubwa namna ile alikubali kwamba kuna jambo asilolijua mpaka mama alieleze.

Tulimkuta mama mmoja ambaye alikuwa ameacha kabisa kumpeleka mtoto wake kliniki. Majirani walisema ni mzembe. Tulipoketi naye alieleza kwamba siku moja alichelewa, akakemewa mbele ya wenzake wote, akaona haya kurudi. Tukamwomba kijitabu cha mtoto. Akakitoa chini ya godoro, kimefungwa vizuri katika karatasi ya nailoni pamoja na cheti cha ubatizo. Je, huyo ni mzembe? Mzembe hafungi karatasi namna hiyo. Tulikubaliana siku, mmoja wetu akamsindikiza mpaka mlangoni, na chanjo zilizosalia zikakamilishwa.

Kuna daktari mmoja aliyetufundisha jambo hili, mzaliwa wa Jamaika, jina lake Cicely Williams. Alifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo sasa yaitwa Ghana. Huko aliwaona watoto waliovimba miguu, nywele zimebadilika rangi, ngozi inabanduka. Aliwauliza akina mama wa pale ugonjwa huu wanauitaje. Wakamwambia jina lenye maana ya ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake aliyezaliwa. Mwaka 1935 alilitumia jina hilo hilo katika jarida la madaktari, na mpaka leo dunia nzima yaita ugonjwa huo kwashiakoo. Akina mama walikuwa wamekwisha kuona kwamba taabu huanza mtoto aachapo titi kabla ya wakati. Daktari alikuwa na elimu, na bado aliuliza.

Jambo la tatu, ambalo ndilo kubwa, ni kumrudisha mtoto kwa mama yake.

Mtoto alipofumbua macho, Elisha hakumtoa nje kuwaonyesha watu. Alimwita mama, akamwambia amchukue mwanawe. Kazi ya nabii iliishia hapo. Nasi kazi yetu haijakamilika mpaka mtoto awe mikononi mwa mama, na mama awe anajua la kufanya. Sisi tunakuja na kwenda zetu. Mama ndiye anayebaki usiku.

Kwa hiyo mtoto akihara, hatukorogi wenyewe yale maji ya chumvi na sukari ya pakiti. Mama hunawa mikono, akasoma nasi kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, akapima maji safi kwa chombo chake mwenyewe, akakoroga, akamnywesha mtoto kidogo kidogo kwa kijiko. Tunamweleza kwamba asiache kumnyonyesha, na kwamba vidonge vya zinki alivyopewa vinaendelea kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Akikoroga mwenyewe leo, hatatungojea siku nyingine.

Katika boma moja tulimkuta mtoto wa miaka 2 ambaye nyanya yake alimsifu kwamba amenenepa. Tuliomba ruhusa, tukabonyeza miguu yake yote miwili kwa kidole gumba. Tulipoondoa kidole, shimo likabaki. Hiyo si nyama, ni maji, na mtoto mwenye dalili hiyo hapaswi kulala nyumbani usiku mmoja zaidi bila kuonwa na daktari. Mama alikuwa na mimba nyingine, na mtoto alikuwa akila uji mtupu. Nyanya akasema ni mambo ya jicho baya, hospitali haiyawezi.

Hatukubishana naye. Tulimwambia, "Nyanya, wewe umelea watoto tukawaona ni watu wazima. Walipoachishwa ziwa uliwapa nini?" Akafikiri, akaanza kuhesabu: uji wa wimbi wenye maziwa, njugu zilizosagwa, maharagwe, na samaki siku ya soko. Alipokuwa akihesabu, akamtazama mjukuu wake, akanyamaza. Kisha akasimama, akajifunga leso, akasema yeye ndiye atakayembeba. Alikwenda na mama mpaka hospitali, wakakaa huko majuma kadhaa. Mtoto aliporudi ameanza kucheza, si sisi tuliowafundisha majirani. Nyanya ndiye aliyekuwa akipita kwa wake za wajukuu akibonyeza miguu ya watoto.

Lakini, wapenzi wasikilizaji, hatuwezi kuyasema haya bila kusema na jambo lingine. Si kila mtoto anayepiga chafya. Ziko nyumba ambazo tulifika, tukafanya yote yaliyowezekana, mtoto akapelekwa hospitali, na bado akarudishwa kuzikwa. Watu hutuuliza kwa nini tunarudi katika nyumba kama hizo, maana hakuna mgonjwa tena. Tunarudi kwa sababu mama yupo. Maziwa yanamwuma kifuani na hakuna wa kunyonya. Mtoto mkubwa aliyebaki hataki kula. Twaketi mkekani pale pale tulipoketi mwanzo, na mara nyingine hatuna la kusema. Elisha alisema mama aachwe aseme uchungu wake, naye Bwana wetu alilia kaburini kwa Lazaro hali akijua atakalofanya. Sisi tusiojua, tutashindwaje kukaa na kulia pamoja na aliaye?

Sasa tuna neno kwenu ninyi akina baba. Mama wa Shunemu alipoomba punda, mume wake aliuliza kwa nini aende siku hiyo, kwani haikuwa mwandamo wa mwezi wala sabato. Hata leo maneno hayo yapo: "Mbona uende leo, si siku ya kliniki?" Ndugu, homa ya mtoto haisomi kalenda. Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipatwa na degedege, au akilegea na kulala usingizi usio wa kawaida, hiyo ndiyo siku yake. Mume yule, pamoja na swali lake, hakumzuia mkewe kwenda. Nawe usizuie nauli.

Na ninyi wazee wa kanisa na akina mama wa ushirika, mwaka 2023 nchi yetu ilitunga Sheria ya Afya ya Msingi, ambayo yatambua kazi ya wahudumu wa afya wa vijijini. Huenda mmoja wao yuko katika kanisa lenu. Mjueni. Mkaribisheni aseme neno baada ya ibada. Mti ulio mbele ya kanisa waweza kutundikwa mizani ya kupimia watoto, na benchi la kanisa laweza kukaliwa na mama mwenye mimba. Mama wa Shunemu alimtengea nabii chumba kidogo, kitanda, meza, kiti na kinara cha taa, kabla hajajua kwamba siku moja mwanawe atalazwa humo.

Wapenzi, Mungu naye aliwatuma manabii wengi watangulie. Wakati ulipotimia alikuja mwenyewe katika Mwanawe, akazaliwa mtoto mchanga, akalingana na kipimo chetu. Kwa ajili hiyo sisi nasi twafunga viatu asubuhi, twachukua sanduku la baridi, twaenda kupiga hodi.

Na tuombe.

Baba yetu wa mbinguni, twakushukuru kwa watoto uliotupa. Uwaangalie wale walio wagonjwa asubuhi hii. Uwatie nguvu mama zao, na nyanya zao, na baba zao. Uwafariji waliozika. Utupe sisi miguu ya kwenda, masikio ya kusikia, na mikono ya kumrudisha mtoto kwa mama yake. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.