Mtu wa Nyundo Akifika Shambani

Nimeombwa niseme juu ya wale watu wanaopita na nyundo wakivunja mawe na kuyatia katika vifuko. Wengi siku hizi ni watoto wetu waliosoma hapa hapa Kenya. Wanaitwa wanajiolojia. Leo nitasema juu ya aina moja tu, yule anayetafuta madini ya kuuza.

Swali lake si "je, kuna dhahabu?" Dhahabu kidogo iko mahali pengi. Swali lake ni kama itarudisha gharama ya kuichimba. Gunia la mahindi ni kilo 90, kwa hiyo tani moja ya mawe ni kama magunia kumi na moja. Mgodi wa chini ya ardhi ukitoa gramu tano za dhahabu katika tani hiyo, wenyewe wanafurahi. Na gramu tano, kwa vile dhahabu ni nzito sana, ni kiasi cha punje moja ya mahindi. Magunia kumi na moja ya mawe, punje moja! Ndiyo sababu mtu akikuonyesha jiwe moja linalometameta na kusema umetajirika, usiuze ng'ombe bado.

Anaanzia mtoni. Zamani za kale, maji ya moto yalipanda katika nyufa za miamba yakaacha dhahabu ndani ya mawe meupe magumu. Mvua ikamomonyoa mlima, chembe zikashuka mtoni. Basi yeye anachukua karai, anachekecha mchanga, anapanda na mto hatua kwa hatua. Pale chembe zinapokoma, anajua amepita mahali zilipotokea, anageukia mlima. Hapo anachimba mitaro, na baadaye inakuja mashine ya kutoboa. Mara nyingi mambo huishia hapo, anafunga mizigo na kwenda.

Nitawapa mfano wa mmoja ambaye hakuenda mikono mitupu. Aliitwa Albert Kitson, alizaliwa Uingereza mwaka 1868, akakulia Australia na kuifanya kazi hii huko. Mwaka 1906 akaletwa Nigeria ya Kusini. Mwaka 1909 watu wake walipata makaa ya mawe pale Enugu. Kutokana na makaa hayo ukaja mji na reli. Na mwaka 1949, wakati Kitson alikuwa amekwisha kufa, polisi waliwapiga risasi wachimbaji wa makaa wa Iva Valley, hapo hapo Enugu, wakafa 21.

Mwaka 1913 akawa mkuu wa uchunguzi wa miamba Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo. Mwaka uliofuata alipata manganisi ya Nsuta, inayotumika kutengeneza chuma cha pua. Inachimbwa mpaka leo. Mwaka 1919 akapata almasi. Akapata pia boksiti, udongo unaotoa aluminiamu ya sufuria zetu, na kwa kuwa kuuyeyusha kunataka umeme mwingi, akatoa wazo mto Volta uzibwe. Lilikuwa wazo la mtu mmoja tu katika safari yake. Lakini bwawa la Akosombo lilimalizika mwaka 1965, na watu kama 80,000 wakahamishwa vijiji vyao vikazama. Mimi simlaumu Kitson kwa hayo yote. Yeye aliandika alichoona. Lakini nani aliwauliza wale wa vijijini?

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1931 dhahabu ilionekana Kakamega. Wazungu kwa mamia wakaja na mahema na makarai. Mwaka 1932 Kitson, mzee aliyestaafu sasa, akatumwa na serikali ya Uingereza aikague. Kumbukeni, sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba ardhi ya rizavu ni yao milele. Ikichukuliwa sehemu, walipewe nyingine ya ukubwa huo huo, na baraza lao liambiwe. Ahadi hiyo haikufika miaka mitatu. Mwishoni mwa 1932 sheria ilibadilishwa ili ardhi ya madini ichukuliwe kwa fidia ya pesa tu, bila kuongeza ardhi na bila baraza kuambiwa. Hofu ya kupoteza ardhi ilisaidia kuzaliwa kwa chama cha North Kavirondo Central Association miaka hiyo. Nao mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952. Dhahabu iliondoka, mashimo yakabaki. Na miaka ya karibuni mashine za kutoboa zimerudi upande wa Ikolomani.

Je, sheria ya sasa inasemaje? Madini yaliyo chini ni ya taifa, hata kama hati ya shamba ni yako. Lakini kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2016, shamba la mtu binafsi haliingiwi kutafutwa madini bila ridhaa ya mwenyewe, na ardhi ya jamii vile vile. Mrabaha unagawanywa hivi: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya mahali pa mgodi. Hiyo kumi ni ya jamii, si ya mzee mmoja mwenye mihuri.

Kwa hiyo akifika, mpeni maji ya kunywa, ni mtu wa kazi kama ninyi. Halafu ombeni kuona leseni yake, na katibu aandike nambari yake katika kitabu cha kikundi. Muulizeni ametumwa na nani, mitaro yake ataifukia nani na lini, mahindi yaliyokanyagwa yatalipwa vipi. Na yale mawe anayobeba, majibu yake ya maabara mtaletewa mwezi gani?