Likizo Isiyo na Tarehe

Mfanyakazi aliyefutwa kazi na yule aliyeambiwa aende nyumbani angoje kuitwa wote wawili hukosa mshahara, lakini hali zao si moja, na maoni haya yanashikilia kwamba wakati wa janga la korona nchini Kenya huyo wa pili ndiye aliyeachwa peke yake zaidi.

Mwezi Machi 2020 serikali ilifunga baa, ikaruhusu mikahawa kuuza chakula cha kubeba tu, ikasimamisha ndege za abiria kutoka nje, na kuanzia tarehe 27 ikaweka kafyu. Watalii wa kigeni, waliozidi milioni 2 mwaka 2019, walishuka chini ya 600,000 mwaka 2020. Neno hoteli, jinsi linavyotumika Kenya, hujumuisha jengo la kifahari la ufuoni na vilevile kibanda cha chai na chapati huku Kiambere, katika Mbeere ya kaunti ya Embu, na amri hizo ziligusa pande zote mbili. Tofauti ni kwamba kibarua wa kibandani, ambaye hulipwa kwa siku, alijua jioni ileile kwamba hana kitu, ilhali mwenzake aliyeajiriwa Mombasa au Nairobi aliweza kupewa likizo bila malipo ambayo haikutaja siku ya kurudi.

Katika makala yao ya mwaka 1984, wanazuoni Leonard Greenhalgh na Zehava Rosenblatt walieleza mashaka ya ajira kuwa ni hali ya mtu kujiona hana uwezo wa kuiendeleza kazi yake inapokuwa hatarini. Uzito wa maelezo hayo umo katika kukosa uwezo. Aliyeachishwa huomboleza kisha hupanga upya maisha, lakini anayengoja hawezi kupanga, kwa kuwa hata kurudisha chumba cha kupanga kwa mwenye nyumba kutakuwa hasara simu ikilia kesho. Hivyo hukesha akipiga hesabu zisizo na jibu, na mwili hauna budi kulipia mikesha hiyo.

Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 40, humpa anayepunguzwa kazini taarifa ya mwezi mmoja na malipo ya angalau siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia. Kifungu cha 10 humtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi kabla ya kubadilisha masharti ya mkataba; hata hivyo, mwenye hoteli na mhudumu anayedaiwa kodi hawaketi mezani wakiwa na nguvu sawa, na sheria hiyo haisemi likizo ya namna hiyo ikome lini.

Mapema Aprili 2020 Nairobi na Mombasa zilifungwa kwa wasafiri hadi Julai, ikawa aliyewahi kurudi Mbeere kabla ya hapo aliikuta ardhi imepata mvua za masika. Ndengu huiva kwa miezi miwili hadi mitatu, na mkulima wa Kiambere anapoitia mbegu ardhini hujua takriban wiki atakayovuna. Mhudumu aliye katika likizo bila malipo alilitazama shamba hilohilo asijue kama atakuwepo kulipalilia.