Nguo Kuukuu Haijafa

Leo nataka kunena nanyi habari ya nguo kuukuu.

Tangu 1941 hata 1949 watu wa Uingereza waligawiwa nguo kwa vyeti. Basi kina mama wakakata makoti ya wakubwa, wakawashonea watoto. Nasi tuna kanga zilizochakaa.

Ifueni kanga, kisha iinueni juani: panapopenya mwanga mno pamekwisha nguvu, msipashone. Penye nguvu kateni gauni la mtoto, mwache upindo mpana wa kufumuliwa akikua. Vipande vilivyosalia viungeni, mvitie bitana, viwe mkoba wa vitabu. Mishipi yake ishoneni mara mbili, maana ndiyo ichukuayo uzito.

Mtoto mwenye nguo nzima haoni haya kwenda shuleni.