Picha ya Lengo Ikae Wapi?

(Hotuba ya Kamati iliyosomwa katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi, Ihanda)



Historia ya kikundi mtaisoma kwenye kurasa nyingine za kijitabu hiki, na hesabu Mweka Hazina ameshazisoma, mkapiga vigelegele. Sisi wa Kamati tumeomba dakika chache tuseme jambo moja tu, la picha.

Siku hizi mabinti zetu wakirudi kutoka Mbeya au Dar es Salaam wanatueleza habari za ubao wa ndoto. Wanakata picha magazetini, ya nyumba, ya gari, ya shamba zuri, wanazibandika kwenye karatasi kubwa na kuitundika ukutani. Wapo wanaocheka. Sisi hatucheki, maana lengo unaloliona kwa macho halipotei upesi kama lile lililotamkwa siku ya mkutano na kuachwa palepale kwenye benchi. Ila tunauliza: ubao huo ukae wapi?

Wengi wanautundika sebuleni. Wiki mbili za kwanza unautazama. Baada ya hapo unakuwa sawa na kalenda ya mwaka juzi, upo lakini haupo. Hebu tuulizane, jamani. Kimondo kile pale Ndolezi, chuma kinachokadiriwa kuwa na tani 12 au zaidi, wageni wanatoka ng'ambo kuja kukitazama. Sisi majirani zake, ni nani hapa amekwenda kukiona mwaka huu? Mnacheka! Jicho huruka kitu lilichokizoea.

Halafu sebuleni ndipo anapokaa kila mgeni. Umechora bati thelathini, shemeji anaziona, kesho anakuja kukopa kwa kuwa ameshajua una akiba.

Wako watafiti waliofanya majaribio Kibera, kule Nairobi, kwa watu wa kipato kidogo waliokuwa wakiweka akiba kwa simu. Wengine walitumiwa ujumbe wa kuwakumbusha kila wiki. Wengine waliongezewa fedha kidogo juu ya kile walichoweka. Wengine walipewa sarafu ya rangi ya dhahabu yenye namba za wiki 24, wakaambiwa waiweke nyumbani na kuitia alama wiki kwa wiki. Sarafu ile haikuweza kununua hata kiberiti. Lakini waliopewa sarafu ndio walioweka akiba zaidi, wakawapita hata wale walioongezewa fedha. Na huko India, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, vibarua wa vijijini waliotunza akiba ndani ya bahasha yenye picha za watoto wao waliweka zaidi ya wale ambao bahasha zao hazikuwa na picha.

Tazameni vizuri. Sarafu ilikuwa inaguswa na kutiwa alama. Bahasha ilikuwa na fedha ndani yake. Picha haikuwa huku na fedha kule.

Sisi tunacho kitabu cha hisa, na kila hisa ina muhuri wake. Kitabu hicho ni kizuri kuliko sarafu ya Kibera, ila kina shida moja: kinalala ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa akina mama watatu. Ndivyo inavyotakiwa, na hatutabadilisha. Lakini maana yake unakiona siku ya mkutano tu. Siku sita zinazobaki, anayelinda lengo lako nyumbani ni nani?

Kwa hiyo tunashauri picha ikae pale fedha inapopita. Kama unaficha fedha kwenye tranka, bandika picha ndani ya kifuniko; ukifungua uchukue noti, picha inakutazama kabla hujaigusa. Kama akiba yako iko kwenye simu, bandika kipande cha karatasi mgongoni mwa simu. Na wengi wetu, tuseme kweli, akiba yetu ni mahindi. Mahindi hayaishi siku moja, yanatoka debe kwa debe: leo sukari, kesho msiba, keshokutwa kitenge kimeonekana Tunduma. Mwenzetu mmoja alichukua mkaa akachora bati kwenye magunia matatu. Watoto wakajua, mume akajua, hata mnunuzi aliyefika mlangoni aliambiwa, "Hayo si mahindi, hayo ni bati." Nyumba ile leo ina bati. Mkaa haukumgharimu kitu, na asiyejua kusoma anausoma.

Fedha ya kahawa ndiyo ngumu zaidi, kwani inakuja kwa mkupuo na kila mwenye dai anajua siku yake. Hiyo picha yake ichorwe kabla ya kuchuma, si baada ya kulipwa.

Nini kichorwe? Si ghorofa la gazetini. Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen ametafiti jambo hili miaka mingi, akaona kwamba mtu anayejistarehesha kwa kujiona ameshafika, nguvu zake za kwenda hupungua. Chora kitu chako chenye idadi: tofali ngapi, bati ngapi, ada ya chuo ya muhula mmoja. Kila ukipata kimoja, kifute. Na anayelenga kiwanja achore pia karatasi yenye jina lake mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, lakini sheria haiandiki jina kwenye hati ya mauziano. Unaliandika wewe.

Tunajua nyumba hazifanani. Iko nyumba ambayo baba akiona picha anaongeza tofali, na hao waliopo hapa tunawashukuru sana. Iko nyumba ambayo picha ikionekana ni ugomvi. Mama wa nyumba hiyo asilazimishwe na mtu. Lengo lake libaki ndani ya kitabu, ndani ya sanduku, na sisi wenzake tutamuuliza kila mkutano limefika wapi. Hiyo nayo ni njia ya kulitazama.

Baada ya chakula vitabu vipya vya mzunguko ujao vitagawiwa pale mezani. Ukurasa wa ndani wa jalada tumeuacha mtupu makusudi. Penseli ziko kwa Katibu; asiyeweza kuchora amwite mjukuu wake, tumewaona wako wengi tu hapo nje. Vitabu vikishachorwa virudi sandukuni kabla ya ngoma kuanza, maana wenye funguo wameshasema nao wanataka kucheza.