Umeipima Ndani ya Nini?

Kila mara tunasikia kimevumbuliwa kifaa kipya cha kupima dopamini, mojawapo ya kemikali ambazo seli za ubongo hutumia kupashana habari. Hiki ni cha grafini, kile ni cha mirija midogo mno ya kaboni, kingine ni cha kaboni iliyochanganywa na chembe za dhahabu. Na kila kimoja hudaiwa kugundua kiasi kidogo kuliko kilichotangulia. Mimi naomba tusishangilie upesi.

Tuitazame historia kwanza. Mwaka 1958, Ralph Adams wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alikanda unga wa grafiti kwa kimiminika kisichochanganyika na maji, akapata rojo zito linalopitisha umeme. Mwaka 1973 yeye na wenzake waliripoti vipimo vilivyochukuliwa kwa elektrodi (ncha ya kupitishia umeme) ya rojo hilo ndani ya ubongo wa panya. Kanuni yenyewe ni nyepesi: kaboni ikipewa volti kidogo, molekuli ya dopamini inayoigusa hupoteza elektroni mbili, na mkondo wa umeme unaozaliwa hapo ndio kipimo.

Kumbe ubongo umejaa vitamini C, nayo huachia elektroni karibu kwenye volti zilezile. Nje ya seli, vitamini hiyo huizidi dopamini mara maelfu. Kuitafuta dopamini humo ni kama kumsikiliza mtu anayenong'ona siku ya gulio.

Ufumbuzi ulikuja hatua kwa hatua. Mwaka 1984 ilichapishwa kazi ya elektrodi zilizopakwa Nafion, plastiki yenye chaji hasi: huisukuma vitamini C, ambayo nayo ni hasi, na kuivuta dopamini, ambayo ni chanya. Kikundi cha mtafiti Mark Wightman kikatumia uzi wa kaboni wenye unene wa mikrometa chache tu, kikipandisha na kushusha volti kwa kasi, kwa kawaida mara 10 kwa sekunde, ili kila kemikali ijulikane kwa umbo la mkondo wake.

Kilichowavusha wote hao ni kutofautisha, si kunusa kidogo zaidi. Basi anayetuletea mchanganyiko mpya wa kaboni tumuulize: umeipima dopamini ndani ya nini? Vitamini C ilikuwapo? Protini za ubongo zilipoganda juu ya elektrodi, kipimo kilibaki kilekile? Wahariri wa majarida na watoa ruzuku wadai majibu hayo ukurasa wa kwanza. Rekodi za maabara zisizo na vitamini C zinaweza kusubiri ukurasa wa mwisho.